Naomba ushauri: fundi anataka kuondoa immobilaiza ya gari langu

Wakuu, habari za leo. Nina gari dogo kutoka Japani, lilikuja na ufunguo mmoja tu. Nikaenda Kariakoo nikachongesha wa akiba. Mlango unafungua, swichi inazunguka vizuri, injini inashika sekunde moja na kuzima. Taa ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa tu.

Nimeelewa tatizo: ufunguo halisi una chipu ndogo ndani ya plastiki, haitumii hata betri. Ukiuingiza, koili iliyozunguka swichi inaiamsha, chipu inataja namba yake, na kompyuta ya gari isipoitambua inakata mafuta au moto wa plagi. Mfumo huo ndio immobilaiza. Ndiyo maana bisibisi na kuunganisha nyaya chini ya usukani havimsaidii mwizi. Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa nayo tangu 1998.

Sasa fundi wa kwanza anasema aifute kabisa kwenye kontroli boksi (hiyo kompyuta ya gari), bei poa. Mwingine anataka kuingiza chipu mpya kwa mashine, ghali maradufu. Mimi gari nalilaza nje, geti letu ni la jina tu, kwa hiyo moyo wangu uko kwa wa pili.

Waliowahi kufanya: huo ufunguo wa kwanza unaweza kuharibika wakati wa kuprogramu? Na nitajuaje fundi hajabaki na nakala yake? Nikiupoteza huu mmoja kabla, nimekwisha?