Tupeane uzoefu: laptopu inayorudi kwa fundi kila mwezi na waranti isiyokusaidia

Mwalimu wa Uyole
Wakuu, kamwene. Leo nimepita Kabwe, hapa Mbeya, nikamwona dogo kabeba laptopu kwenye mfuko wa rambo, uso umemshuka. Nikajua huyu anatoka kwa fundi, na si mara ya kwanza. Yangu yote yakanirudia.

Niliinunua mpya, kwenye boksi, waranti mwaka 1. Ilipofika Juni, naamka saa 11 alfajiri nitunge mitihani, nabonyeza, taa inawaka, kioo giza. Saa 4 jua likishachoma, inawaka kama haijawahi kuumwa. Wakala wa kampuni yuko Dar. Nikaifunga, nikaipeleka stendi, nikalipia kifurushi, kilomita zaidi ya 800 hizo. Baada ya wiki 2 napigiwa: "Mzee, mashine nzima, tumeiwasha mara kumi." Ikarudi. Alfajiri ya kwanza Uyole, giza. Nikaituma tena. "Mzee, nzima." Safari ya tatu dada wa mapokezi akaniuliza, tena kwa upole, kama najua kitufe cha kuwashia kiko wapi. Mimi nafundisha kompyuta!

Fundi mmoja wa Mwanjelwa ndiye aliyenifungua macho. Alisema lehemu ya kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ina ufa. Baridi ikiingia inajikunja, ufa unaachana. Ikipata joto pande zake zinagusana tena. Sasa Dar baridi itatoka wapi? Nikawarekodia video alfajiri, pumzi yangu inatoka moshi. Wakajibu: tumeelewa, ila waranti imeisha siku 9 zilizopita. Zile wiki zote ilizolala kwao zimehesabiwa juu yangu.

Kihesa Kwetu
Hapo kwenye kitufe nimecheka hadi mtoto kaamka. Pole mwalimu.

Fundi Mafiati
Fundi wako kasema kweli. Hiyo ni kupiga hita dakika chache, lehemu inashika upya. Elfu 40, biashara imeisha.

Mzee wa Volti
Fundi, usiwadanganye watu. Hita ni panadol. Unakumbuka zile laptopu za miaka ile? Mwaka 2008 Nvidia, watengeneza chipu wa Marekani, wenyewe walitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa. Mafundi wakazichoma, zikawaka, baada ya wiki kadhaa zikafa tena. Ubovu uko ndani ya chipu yenyewe, wewe unachoma ubao.

Fundi Mafiati
Mwalimu kasema ufa wa lehemu, wewe unaleta chipu za Marekani. Wateja wangu wananiletea parachichi za shukrani.

Mzee wa Volti
Watakosaje kuleta, si wanapita kwako kila mwezi.

Binti Makambako
Mimi ilikuwa bawaba tu, ilikatika ikavuta na waya wa kioo. Kwa wakala imekaa siku 26. Narudishiwa, bawaba mpya, safi kabisa. Nawasha, jina si langu, picha ya mbele watoto nisiowajua. Walichanganya diski. Nikafungua faili moja tu nimjue mwenyewe nimrudishie. Bajeti ya harusi, Njombe, Desemba. Ukumbi, ng'ombe 2, keki. Bwana harusi: mchumba wangu, majina yote matatu. Na mimi nimo kwenye orodha ya wachangiaji. Elfu 50, imelipwa. Aliniambia ni mchango wa harusi ya binamu yake.

Kihesa Kwetu
WEE

Soweto Juu
Hii chai ya Mufindi, majani mawili na chipukizi. Leteni vitafunwa.

Ipogolo Stendi
Chai au si chai, Desemba imeshapita? Harusi ilifungwa? Dada usituache hapa.

Mama Stesheneri Tukuyu
Mwacheni apumue. Somo ni kwamba diski haiendi kwa mtu. Ni skrubu chache tu, itoe, au nakili vitu vyako kisha uifute. Piga picha namba zilizoandikwa kwenye diski. Na usiondoke bila karatasi ya mapokezi yenye tarehe, ndiyo utakayodaia siku ilizokaa kwao. Simu hazina ushahidi, andika barua pepe.

Soweto Juu
Ukitoa diski watakwambia umefungua mwenyewe, waranti imekufa. Bora ununue ya Dubai iliyotumika, ikifa unalia mara moja.

Mama Stesheneri Tukuyu
Ya Dubai nayo ingiza namba yake kwenye tovuti ya kampuni kabla hujalipa. Waranti inaanza kuhesabika ilipouzwa mara ya kwanza, wewe unauziwa boksi tu. Na betri ikivimba, ukaona pale pa kugusia pameinuka, acha kuchaji, wala usiipakie kwenye basi.

Ipogolo Stendi
Sawa mama. Binti Makambako, ile elfu 50 ilirudi?

Binti Makambako
Diski niliirudisha kwa mwenyewe. Ni dada yake bibi harusi. Tulikunywa soda, tukalia wote. Elfu 50 bado.

Fundi Mafiati
Pole sana dada. Mwalimu, yako iko wapi siku hizi? Ilete Mafiati niitazame bure, huyu mzee aaibike.

Mwalimu wa Uyole
Ipo. Alfajiri mke wangu anaifunika kitenge karibu na jiko ndipo iwake. Nitaileta, ila nitakukuta saa 11, kabla jua halijatoka.