Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa zilibebwaje, na tukitaka kuziiga Mbeya?

Mwashi wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Kamati ya msikiti huku Uyole imechoka na paa la bati, inataka kuba na matao. Picha waliyoleta ni ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Ukumbi ni mita 8 kwa 10, ule urefu wa 10 ukielekea kibla. Matofali ya kuchoma tunayo, chokaa inatoka Songwe. Naomba wajuzi: nguzo za Kilwa zilibebaje kuba zile, na nisiige nini?

Magofu
Mkuu, hiyo picha ni ya upande mmoja tu wa msikiti. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 hadi 12. Ni ndogo, ilikuwa na nguzo 9 zinazogawa vyumba 16 (yaani nafasi kati ya nguzo, si vyumba vya kuta), na paa lake lilikuwa bapa: boriti za mikoko, juu yake kokoto za matumbawe na chokaa. Boriti ya mkoko haifai kuvuka zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana majengo ya mawe ya pwani yana vyumba vyembamba.

Kuba zilikuja na upanuzi wa kusini, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita Kilwa, fedha ipo. Ibn Battuta alifika 1331. Nguzo za upanuzi huo zilichongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe, nzuri kweli kweli, lakini paa lilianguka karne hiyo hiyo ya 14. Unachokiona leo ni ujenzi wa karne ya 15: vyumba 30, kuba zikipishana na dari za mviringo kama pipa lililopasuliwa nusu, juu ya nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa vipande vya mawe. Ukiiga, iga huo wa karne ya 15.

Fundi Mahesabu
Naongezea kwa Magofu. Kuba haishuki tu, inasukuma nje. Kuba zikipangwa bega kwa bega, misukumo ya ndani inazuiana, ila ya pembeni inabaki kwa ukuta. Kwa hiyo nguzo za ndani zinaweza kuwa za wastani, lakini ukuta wa tofali moja wa nchi 9 hautoshi.

Gawa ukumbi wako 3 kwa 4: vyumba 12 vya kama mita 2.7 kwa 2.5, nguzo 6 ndani. Kila chumba kinaingiza safu mbili za waumini za mita 1.2, nguzo haisimami katikati ya safu. Chini ya kuba zote funga mkanda wa zege unaozunguka jengo, nondo 4 za milimita 12, ringi (pete za chuma) kila sentimita 20. Kilwa hawakuwa na nondo. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa na ardhi inatikisika, usiache. Mhandisi ahakiki vipimo kabla hujanunua nondo.

Kuba ya nusu duara hupasuka chini, si kileleni: sehemu ya chini inataka kufunguka. Ukiona ufa wa wima unaoanzia kwenye kitako, mkanda haupo au umekatika. Na kalibu la mbao linaloshikilia kuba ikijengwa usilitoe mapema kwa haraka ya kuhamishia chumba kinachofuata.

Mwashi wa Uyole
Nimekupata, mkuu. Je, chokaa itoshe au nichanganye saruji? Na kibla, Kilwa wameelekeza kaskazini. Nifanye hivyo?

Chokaa Mbichi
Kwa lipu ya kuba, chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa hai mimina ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, itakurukia usoni. Iache ndani ya maji wiki kadhaa, punje zisizoiva hupasua lipu baadaye. Paka tabaka nyembamba, funika kwa magunia yenye unyevu. Chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu, ikikauka ghafla inakuwa unga. Anza Mei, mvua za Novemba zikute imekomaa. Lipu ya saruji juu ya tofali laini hufungia maji ndani, kisha inabanduka na uso wa tofali.

Magofu
Kibla usinakili! Kilwa iko karibu kusini kamili mwa Makka, ndiyo maana kaskazini inawatosha. Mbeya ni takriban nyuzi 12 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, Iringa kama 8. Kwa ukumbi wa mita 10, nyuzi 12 ni zaidi ya mita 2 pembeni, na safu zitakaa mshazari milele.

Dira ya simu hudanganywa na nondo. Subiri tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana au 16 Julai saa 6:27, jua linakuwa juu ya Makka na saa zetu ni sawa na zao. Ning'iniza timazi (uzi wenye uzito), chora kivuli chake. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye timazi ndiko kibla. Siku moja kabla au baada haina neno. Piga vigingi hapo hapo, ndipo uchimbe msingi.