Hawakunyimi bima, wanakuzungusha na makaratasi mpaka idondoke yenyewe

Wakuu mtanivumilia leo nimevurugwa. Nipo huku Marekani, jimbo silitaji maana mengine nayo hayana nafuu. Mtoto wangu ana pumu, bima yake ni Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo hela nyingi inatoka Washington ila wanaoiendesha ni majimbo. Juzi nimeenda famasi kuchukua inhela yake kama kawaida, dada wa dirishani anaskani kadi, anaskani tena, ananiambia hii bima haisomi, ilishafungwa.

Imefungwa vipi? Mshahara ni uleule, mtoto ni yuleyule, pumu yenyewe ndio hiyo hiyo.

Napiga simu jimboni, nasikilizishwa muziki weee, halafu mashine inaniambia wapigaji ni wengi jaribu baadaye, kata. Nikaja kumpata binadamu baada ya kuhangaika sana, ananiambia kwa upole kabisa kwamba tulikutumia fomu ya kuhuisha bima na hukuirudisha. Nikamuuliza mliituma wapi, anataja nyumba niliyohama zamani. Sasa sikilizeni hapa, barua ya kunijulisha kwamba bima imefungwa imekuja hapa hapa ninapoishi sasa, adresi imeandikwa sawasawa mpaka namba ya mlango! Yaani fomu ya kumbakiza mtoto inapelekwa kwa watu nisiowajua, ya kumtoa inanifikia bila kupotea. Nikamuuliza hiyo inakuwaje, anasema ni mifumo miwili tofauti. Haya.

Na kabla hamjaja kuniambia ni uzembe wangu nilitakiwa kufuatilia, someni kidogo. Kipindi cha korona majimbo yalikatazwa kuwatoa watu, katazo likaisha Machi 2023, kuanzia Aprili fagio likapita nchi nzima. Waliotolewa ni zaidi ya milioni 25, na karibu 7 kati ya kila 10 hawakutolewa kwa sababu kipato kimepanda, ni mambo ya utaratibu tu, fomu haikurudi, karatasi moja imepungua, vitu kama hivyo. Mwaka huohuo ikagundulika majimbo kama 30 kompyuta zao zilikuwa zinapima familia nzima kwa mkupuo, wakati kiwango cha kipato kwa mtoto ni cha juu kuliko cha mzazi, kwa hiyo mama akionekana amezidi au fomu yake haijarudi na mtoto anaondoka naye. Karibu watu nusu milioni ikabidi warudishwe, wengi wao watoto. Hao wote wazembe?

Jimbo la Arkansas ndio walinimaliza kabisa. 2018 walianzisha sharti la kuthibitisha unafanya kazi masaa 80 kwa mwezi ili ubaki na bima, na mwanzoni uthibitishe kwa intaneti tu, halafu tovuti yenyewe inafungwa saa 3 usiku mpaka saa 1 asubuhi. Tovuti! Inaenda kulala! Mtu anatoka shifti usiku ndio apate nafasi ya kujaza, anakuta mlango umefungwa. Zaidi ya watu 18,000 wakapoteza bima kabla jaji hajalisimamisha Machi 2019. Na msifikiri yameisha, sheria iliyosainiwa Julai 2025 imerudisha masaa 80 hayo hayo kwa watu wazima wa yale majimbo yaliyopanua Medicaid, yaani yaliyoifungua hata kwa watu wazima maskini wasio na watoto, mwisho wa kuanza ni Januari 2027. Watakaopokea hizo fomu ni ofisi hizi hizi ambazo adresi yangu tu imewashinda.

Kuna majimbo 10 mpaka leo yamegoma kuipanua, Texas na Florida yamo, wakati Washington inalipa asilimia 90 ya gharama za hao watakaoongezeka. Mtu mzima maskini asiye na mtoto akiwa upande huu wa mpaka anatibiwa, akihamia upande wa pili imekula kwake. Halafu gavana anasimama anajisifu bajeti imebaki na ziada, lazima ibaki si mmetufuta!

Inhela nimenunua kwa hela ya kodi ya nyumba, mwenye nyumba nitajua nimwambie nini.

Nimeshaambiwa kama ulitolewa kwa sababu ya fomu, ukiirudisha ndani ya siku 90 wanatakiwa kukupima upya bila kuanza maombi mapya. Nimepeleka mwenyewe na salari slipu juu, nimegoma kuondoka dirishani mpaka wakanigongea muhuri wa tarehe kwenye kopi yangu. Yule jamaa alinuna, anune tu. Sasa mwenye uzoefu wa kukata rufaa jimboni anisaidie: bili za hospitali za kipindi bima imefungwa, wakimrudisha mtoto, wanazilipa au ndio nimeumia? Aliyewahi kulipwa aje hapa, wa "nasikia" wakae pembeni.