Shafti yenye kola: kufua, kusubu au kukereza?

Turu_Kampemba: Bandugu, mteja mwenye mashine ya kuponda mawe anataka shafti zenye kola (pete nene ya chuma) upande mmoja. Mwili milimita 60, kola 140, urefu wote 300. Nina bei tatu: ya kusubu (kumimina chuma kilichoyeyuka), ya kufua (kuponda chuma cha moto), na ya kukereza kutoka chuma cha mviringo. Nichukue ipi?

Fuawe_Katuba: Ngapi? Chuma gani? Kola ina unene gani? Bila hayo tunapiga ramli.

Turu_Kampemba: Samahani yaya. 24. Mchoro unasema 42CrMo4, chuma chenye kromi na molibdeni, kola milimita 25.

Fuawe_Katuba: Fua. Mviringo wa 140 wenye urefu wa 300 una kilo 36. Shafti ikiisha ina kilo 9. Kilo 27 unazilipia ziwe takataka chini ya turu (mashine ya kukerezea). Ubaya zaidi, nyuzi za chuma hulala kwa urefu, na ukikereza unazikata palepale kwenye kona ya kola, ambapo ufa hupenda kuanzia. Ukifua, nyuzi zinapinda na kuingia ndani ya kola. Kata mviringo wa 65 kwa 440. Pasha kichwa tu hadi njano, kama digrii 1150, kisha ponda milimita 160 za kichwa ndani ya kalibu. Sehemu inayopondwa isizidi mara 3 ya kipenyo, la sivyo inapinda. Hapa ni karibu mara 2.5. Ikishuka chini ya 850 rudisha motoni, maana kingo za kola zitapasuka.

Papa_Ruashi: Mbona nyundo za mashine hiyohiyo zinasubiwa na zinadumu? Mie ningesubu.

Fuawe_Katuba: Papa, zile ni za manganizi asilimia 12 hadi 14, chuma alichobuni Hadfield mwaka 1882. Kinakomaa kwa kugongwa. Nyundo inagongwa, shafti inasokotwa. Tena ukisubu, kola nene inapoa mwisho na kubaki na matundu ndani.

Kipushi_Chuma: Kwa nini asichomelee kola tu? Ni rahisi.

Mama_Toli: Hapana! Iko moja iliyochomelewa hivyo, 42CrMo4, bila kupashwa kwanza. Mshono ulikuwa mzuri kwa macho. Ufa ulianza pembeni mwa mshono, palipogumuka kwa kupoa haraka, ukazunguka mwili kidogo kidogo. Sehemu kubwa ya mvunjiko ilikuwa laini yenye mistari kama ganda la kombe. Kipande kidogo tu cha mwisho ndicho chenye chembe kali. Kola ikang'oka mashine ikiwa imejaa mawe. Chuma hicho kinataka digrii 250 hadi 300 kabla ya kuchomelea, kisha kipoe polepole.

Kipushi_Chuma: Basi afue kwa kalibu iliyofungwa, ile ya usahihi. Mteremko wa kuta zake digrii 1 tu, hakuna ukingo wa ziada wa kukata, kukereza ni kidogo sana.

Mama_Toli: Kwa vipande 24? Kalibu hiyo inalipa kwa maelfu, kama gia za magari. Na uzito wa kipande lazima uwe sawasawa: ukizidi kalibu inapasuka, ukipungua kona hazijai.

Papa_Ruashi: Na umeme ukikatika chuma kiko kwenye tanuri?

Fuawe_Katuba: Usikiache kikae humo. Chembe za chuma zinakua na kaboni inatoka usoni mwake. Badala ya umeme, makala yetu (makaa ya miti) yanafaa sana, hayana salfa nyingi kama makaa ya mawe.

Papa_Ruashi: Makala yamepanda bei lakini.

Turu_Kampemba: Na kuzimisha kwenye mafuta ili kigumuke, kutoka digrii 850? Nani ana pipa la kusimamisha milimita 300, mafuta yakifunika kola?