Wakala wa Kanada anataka milioni nne na paswedi abaki nayo yeye, nimlipe?

nesi_wa_mwanza: Habari zenu wakuu, naomba wenye uzoefu wanisaidie maana natakiwa kulipa wiki hii. Mimi ni nesi wa diploma, nataka kuomba makazi ya kudumu Kanada kupitia Express Entry (mfumo wa mtandaoni wa Kanada unaopanga waombaji kwa pointi). Kuna kaka ana ofisi hapa mjini anasema ni konsaltanti, anataka milioni nne, nusu kabla hajaanza. Akaunti atafungua kwa imeili aliyotengeneza mwenyewe na paswedi atakaa nayo yeye eti nisije nikaharibu. Halafu mimi nina uzoefu wa miaka miwili ila anasema tuandike minne, barua ya kazi ya kuthibitisha atajua yeye pa kuipata, na ofa ya kazi nayo atanitafutia ya kununua inipandishe pointi. Mama anataka kuuza kiwanja cha Usagara nipate hiyo hela, jamani hivi ndo inavyokwenda kweli?

mzee_wa_baridi: Dada usitoe hata mia. Niko huku Kanada na nimeona watu wakilia kwa mambo haya haya. Kwanza hiyo ofa ya kazi, pointi zake kwenye Express Entry zilifutwa Machi 2025, sasa anakuuzia nini? Pili hiyo miaka minne ndo hatari kuliko hela yenyewe, uhamiaji wa Kanada wakigundua ni uongo unafungiwa miaka mitano huruhusiwi kuomba, na anayefungiwa ni wewe, siyo yeye, maana jina kwenye maombi ni lako. Ukisema wakala ndo aliandika hawakusikilizi, wewe ndo uliyetakiwa kusoma kabla hayajatumwa. Na kufungua profaili ya Express Entry ni bure kabisa.

binti_kigamboni: Mi natofautiana kidogo na mkuu hapo juu, siyo kila konsaltanti ni tapeli. Dada yangu alishanyimwa viza huko nyuma, akatumia konsaltanti mwenye leseni na alimsaidia sana kupanga maelezo. Ila walisainishana mkataba, na ikajazwa fomu IMM 5476 inayoonyesha nani anamwakilisha. Sheria ya Kanada inasema ukimlipa mtu akushughulikie lazima awe mwanasheria wa huko (wakili, au noteri wa Quebec) au konsaltanti aliyesajiliwa na Chuo cha Makonsaltanti wa Uhamiaji na Uraia cha Kanada, ambacho siyo shule bali ndo chombo kinachowasimamia. Namba za makonsaltanti hao zinaanza na R na rejista iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona kama leseni iko hai au imesimamishwa. Muombe namba yake leo.

nesi_wa_mwanza: Asanteni sana. Nimemuomba, kasema yeye anafanya kazi chini ya mtu aliyeko Toronto, akanitumia picha ya cheti.

mzee_wa_baridi: Picha siyo kitu. Mtafute huyo wa Toronto kwenye rejista, chukua mawasiliano yaliyoandikwa pale pale (siyo namba atakayokupa huyo kaka), umuulize kama anamfahamu na kama yuko tayari kusaini hiyo fomu. Akikataa kuweka jina lake ujue umepata jibu.

kaunta_ya_vyeti: Naongezea kwa upande wa nesi maana hapa wengi wanachanganya. Makazi ya kudumu na leseni ya unesi ni vitu viwili tofauti, leseni inatolewa na jimbo unaloenda, kwa hiyo kama huyo kaka hajakugusia jimbo hata kidogo basi hajui kazi. Hela yako ianzie kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ule wa General, siyo Academic, na tathmini ya vyeti (kulinganisha vyeti vyako na vya Kanada), mfano kupitia shirika la WES. Matokeo ya IELTS yanadumu miaka miwili, tathmini mitano, hivyo hata ukichelewa kidogo hazijapotea. Ada za serikali kwa mtu mmoja zinapita dola 1,500 za Kanada lakini hizo unalipa ukishaalikwa kuomba makazi, tena unalipa mwenyewe kwa kadi kwenye akaunti yako. Barua ya kazi omba hospitali yako iandike ukweli, cheo, masaa kwa wiki, majukumu na mshahara. Miaka miwili inatosha kuingia kwenye mfumo, wanataka angalau mmoja wa mfululizo. Na kama ulishampa pasipoti halisi kaichukue kesho asubuhi, kwa hatua hii hakuna mtu anayeihitaji.