Shada la Majilio la mafunjo

Swali: Mwaka jana tulisuka shada la Majilio (majuma manne ya kujiandaa kwa Noeli) kwa mafunjo tuliyonunua Dunga, hapa Kisumu, lakini kabla ya Noeli lilikuwa limejikunja na kupasuka. Tulikosea wapi?

Jibu: Dada, huenda mliyasuka yakiwa mabichi. Yaanikeni hadi yakauke kabisa, kisha, siku ya kusuka, yafunikeni kwa kitambaa chenye maji ili yapindike bila kuvunjika.

Jibu: Mishumaa ya shada ni minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ambao huwashwa Dominika ya 3 ya Majilio. Sisi tukiukosa huo wa waridi hufunga utepe kwenye mshumaa mweupe, na padre hajatukemea bado.

Jibu: Mishumaa isimamisheni ndani ya vikopo vya bati, kwani mafunjo makavu hushika moto upesi.