Boti yangu ilizoea ziwa, sasa naitaka iingie bahari ya Tanga. Nianzie wapi?

Mwana Ukerewe

Wakuu habari za jioni. Wazee wote shikamooni.

Nimehamishiwa Tanga kikazi tangu Mei. Kabla ya hapo nilikaa Mwanza miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo nilikuwa na boti yangu mwenyewe: faiba, futi 16, mashine ya Yamaha 15 ya kuchanganya oili. Nimekwenda nayo Ukerewe mara nisizoweza kuhesabu, nimevua sato, nimekutwa na dhoruba za usiku, na namshukuru Mungu sijapoteza mtu. Wiki iliyopita imefika hapa kwa lori. Iko uani, nimeifunika turubai.

Nilipanga kuishusha Jumamosi nimpeleke mke wangu na watoto wawili (miaka 7 na 10) kisiwa cha Toten, maana kiko pale pale mbele ya mji. Asubuhi saa nne nikatangulia peke yangu kutazama pa kushushia. Maji hayakuwepo. Madau yamelala ubavu kwenye tope, watu wanatembea kwa miguu mahali ambapo mimi nilidhani ni kina. Nikarudi saa kumi jioni, maji yamefika ukingoni kabisa, yale madau yanaelea. Nimesimama pale nikawaza: kama ningekuwa na watoto kule nje, ningefanya nini? Ziwani maji nikiyaacha asubuhi nayakuta jioni palepale.

Naomba mnisaidie kwa yote mnayoyajua. Saa za maji zinasomwaje? Chumvi itaifanya nini mashine yangu? Na hii nanga yangu ya jiwe inafaa huku? Sitaki kujifunza haya nikiwa na watoto ndani ya boti.

Mzee wa Diko

Marahaba mwanangu. Kwenda kutazama kabla ya kushusha kumekuokoa mengi, na hilo usiliache hata ukishazoea.

Jumamosi ile ilikuwa mwezi mpevu, kwa hiyo umeliona bamvua, yaani maji makubwa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukijaa. Kwa pwani yetu hii shika hesabu moja: siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo maana ulikuta tope saa nne. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika hamsini. Ukihesabu wiki moja, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni. Na hapo ndipo penye maji mafu, tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi wa kuandama. Bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji mafu ni kama mita moja tu, hayaendi mbali wala hayaji kwa fujo.

Sasa ona ilivyo vizuri kwako. Wewe unataka kutoka asubuhi na familia na kurudi mchana. Siku ya maji mafu unatoka saa mbili na nusu maji yakiwa yanajaa, unafika kisiwani, na saa tano unarudi kina kikiwa bado kipo. Siku ya bamvua ukitoka saa hiyo hiyo, maji yanakukimbia. Unakwama, na mashine inakula mchanga.

Jambo lingine, maji hayatembei sawasawa. Saa ya kwanza tangu yaanze kujaa au kupwa yanatambaa. Saa ya tatu na ya nne yanakwenda mbio, nusu ya maji yote hupita katika saa hizo mbili. Sehemu nyembamba, kama mlango wa ghuba au kati ya kisiwa na bara, hapo mkondo unaweza kukushinda kwa mashine ndogo. Na sasa ni Julai, kusi limeshika. Maji yanapotoka ghubani kwenda nje na upepo wa kusi unakuja kinyume chake, mawimbi yanasimama mafupi na makali, yamekaribiana. Boti ya futi 16 yenye kingo fupi itayanywa hayo mawimbi kwa omo, yaani kwa mbele. Ziwani ulizoea kuuliza upepo kwanza. Huku uliza mwezi kwanza, halafu saa, halafu upepo.

Fundi wa Mashine

Mzee kamaliza upande wa maji, nami niseme upande wa mashine, maana nimefungua nyingi zilizotoka bara na nyingine zilikuwa zimeshakufa.

Chumvi haikuli kwa nje tu. Mashine inanyonya maji ya bahari kujipoza, maji yakikauka mle ndani chumvi inabaki kwenye njia zake. Siku moja haina neno. Miezi mitatu bila kuosha, njia zinaziba na mashine inachemka. Kwa hiyo kila ukirudi, kila mara, iweke kwenye pipa la maji baridi ya bomba, maji yapite juu ya tundu la kunyonyea, iwashe bila gia dakika kumi. Angalia inavyokojoa, yale maji ya kupoza inayoyatema nje: mkojo ukiwa mwembamba kuliko kawaida kuna kitu kimeziba. Na maji ya pipa yabadilishe. Wengi wanaosha kwa maji yale yale wiki nzima, mwisho wanaosha chumvi kwa chumvi. Ukikaribia kumaliza chomoa mpira wa petroli iungue iliyobaki kwenye kabureta, halafu iache imesimama wima maji yote yatoke.

La pili, zinki. Kile kipande cha kijivu chini ya mashine kimewekwa ili chumvi ikile chenyewe badala ya kula aluminiamu ya mashine. Cha kwako kimekaa ziwani miaka tisa na nadhani ukikitazama kinaonekana kizima. Usidanganyike. Zinki kwenye maji baridi huota gamba gumu na kulala, haifanyi kazi tena. Weka mpya, isipakwe rangi kabisa, na hakikisha pale inaposhikia pamekwanguliwa mpaka chuma kionekane. Kama kuna aliyewahi kukuwekea ya magnesiamu kwa ajili ya ziwa, itoe. Baharini inaisha haraka sana na rangi ya mashine inaweza kuvimba.

La tatu wengi hawalijui. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi. Huku chini hewa ni nzito na mashine yako itakuwa na nguvu kuliko ulivyoizoea, utafurahi. Lakini ulizia: kuna fundi aliyekubadilishia jeti ya kabureta kule, kile kitundu kinachopima petroli? Kama aliweka ndogo, huku petroli itakuwa haba kwa hewa hii. Na kwa mashine ya kuchanganya oili, petroli ndiyo inayobeba oili. Ikipungua, pistoni inakauka na kunata. Rudisha jeti ya kiwandani kabla hujaiwasha baharini. Pangaboi nalo likiwa dogo mno, mashine itazunguka kupita kiasi. Sikiliza mlio.

Boliti zinazoshika mashine ni za chuma cha kawaida au stenlesi?

Mwana Ukerewe

Nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi. Zinki kweli ni nzima, ina gamba jeupe gumu. Boliti mbili kati ya nne ni za kawaida, ziliwekwa mwaka juzi za zamani zilipolegea. Jeti haijaguswa, nina hakika, nilikuwepo kila ilipofunguliwa.

Fundi wa Mashine

Hizo mbili badilisha kesho. Weka stenlesi ya 316, na kwenye tundu tia silikoni ya baharini maji yasiingie kwenye ubao wa ndani. Wakati mashine imetoka, paka grisi vibano vyake na mhimili wa pangaboi. Pangaboi likiganda na chumvi, utalitoa kwa nyundo.

Kijana wa Kirumba

Samahani nadandia. Mimi niko Mwanza bado, nina mtumbwi wa mbao wenye mashine, na ndugu yangu wa Pangani ananiambia niulete. Mbao inahitaji nini cha ziada? Na ni kweli boti inaelea juu zaidi baharini, kwa hiyo naweza kuongeza mzigo?

Mpangani

Inaelea juu, lakini kidogo mno. Maji ya bahari ni mazito kwa kama asilimia mbili na nusu. Chombo chenye kilo 400 pamoja na watu kinasukuma maji pungufu lita kumi tu. Usiongeze hata gunia moja kwa hesabu hiyo.

Mbao, ndugu yangu, ndiyo kazi. Ziwani hakuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Huku wapo, na wanaingia kwa tundu dogo kama la sindano, kwa nje unaona mbao nzima na ndani ni sega. Wazee wetu hupandisha chombo, hukichoma tumboni kwa moto wa makuti kuwaua, kisha hupaka deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo inarudiwa mara kwa mara, haina mwisho. Misumari kama si ya kuzuia kutu itakatika mmoja mmoja. Mimi ningekushauri uuze huo mtumbwi huko na ununue chombo kilichoundwa huku.

Kwa Mwana Ukerewe: usisubiri sana. Kusi ndani ya ghuba ya Tanga si kali, mchukue kijana mmoja wa pale anayejua mafungu ya mchanga na miamba, toka alfajiri, rudi kabla upepo haujaamka saa tano. Utajifunza kwa kwenda.

Mzee wa Diko

Mpangani, kwenda yeye na kijana wa pale, siku ya maji mafu, ndani ya ghuba, naafiki. Watoto hapana. Watoto wangoje maleleji, Novemba, kusi limekwisha na kaskazi haijashika, bahari inalala kama maji ya mtungi.

Kuhusu nanga: jiwe lako liache uani. Huku mkondo unavuta kwa muda wa saa sita upande huu na saa sita upande ule, jiwe linaburuzika. Tafuta baura, nanga ya chuma, ndogo yenye makucha, uifunge mnyororo wa mita mbili tatu kisha kamba. Kamba ihesabiwe kwa kina cha maji yaliyojaa, siyo kina unachokiona unapotupa: mara tano yake. Ukitia nanga penye mita mbili na maji yakapanda tatu, kamba fupi itaing'oa nanga na wewe uko kisiwani unakula embe. Na tupa kwenye mchanga, usitupe juu ya matumbawe.

Mama wa Raskazone

Mimi ni mama wa watoto wanne na mume wangu ni mvuvi, naomba niseme la watoto.

Jaketi okozi liwe la saizi ya mtoto na liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka saba linabaki juu ya maji na mtoto anachomoka chini. Mpeleke ufukweni kwanza, mvalishe, aingie nalo majini mpaka kifuani, akubali kulala chali. Akizoea pale hataogopa kule. Mke wako naye umfundishe kuwasha na kuzima mashine na kutupa nanga. Likikupata wewe jambo, nani atawarudisha?

Chukueni maji ya kunywa mengi kuliko mlivyozoea. Ziwani mtu akiishiwa alikuwa anachota tu. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nchi kavu ajue mmetoka saa ngapi na mnarudi saa ngapi.

Na kaka, usisahau bandari. Meli zinaingia hapo mbele ya Toten, haziwezi kukukwepa. Vuka njia yao moja kwa moja, usikae kuvua katikati.

Mpangani

Nyongeza: nenda ofisi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na karatasi zako za ziwani, boti ikaguliwe na uulize kama cheti chako kinakuruhusu bahari. Na ukivuka kusini kuelekea Yambe na Karange, uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Uliza taratibu zao kabla ya kushusha mshipi.

Mwana Ukerewe (Oktoba)

Wazee na wakuu, nimerudi kutoa taarifa.

Boliti, zinki na baura vyote nimeweka. TASAC wamekagua. Nimetoka mara sita, zote na kijana wa pale diko, wanapofikia wavuvi, zote maji mafu. Mara ya pili nilimwomba anipeleke mlangoni mwa ghuba maji yakitoka, nione lile alilolisema Mzee. Nililiona kwa mbali kabla hatujalifikia, mstari mweupe juu ya maji, na upepo haukuwa mkali hata kidogo. Tukageuza. Ziwani sikuwahi kuona mawimbi yaliyosimama mahali pamoja namna ile.

Toten tumefika mara tatu. Nimeona magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Mashine naiosha kila safari, mke wangu ndiye anayebadilisha maji ya pipa. Zinki mpya imeshaanza kulika, Fundi, ina vishimo vishimo.

Fundi wa Mashine

Ndivyo inavyotakiwa. Ikifika nusu, badilisha.

Mwana Ukerewe

Asante sana. Watoto wamelala chali na majaketi yao mpaka wamechoka nalo, wanauliza ni lini. Nimehesabu, tarehe 8 ya mwezi wa kuandama unaokuja inaangukia Jumapili, Novemba. Mzee, nimehesabu sawa?

Mzee wa Diko

Sawa kabisa. Siku hiyo maji yanajaa kiasi cha saa nne na nusu. Mimi nitakuwa pale diko tangu saa moja. Pitia kwangu kabla hujashusha, tuutazame upepo pamoja.